Jinsi ya kukagua taratibu za usalama za bomba la mafuta, kutoka Nakuru hadi Kisumu

Wengi wanaoishi kando ya bomba la mafuta hawajawahi kuliona. Wanachokiona ni nguzo fupi za alama zilizosimama katikati ya mahindi kule Molo, au pembeni mwa miwa ukikaribia Kisumu, na ukanda wa ardhi walioambiwa wasijenge juu yake. Chini ya ukanda huo petroli, dizeli na mafuta ya ndege hupita kwa zamu usiku na mchana. Yanatoka Nairobi, yanafika Nakuru, yanapanda hadi Sinendet, na hapo njia inagawanyika: tawi moja Eldoret, jingine likiteremka Kisumu. Huduma ya bomba upande huu wa nchi ilianza 1994. Bomba la inchi 14 la kwenda Eldoret liliongezwa 2011, na la inchi 10 kutoka Sinendet hadi Kisumu 2016.

Nimefanya kazi ya usalama viwandani nikiwa Nakuru kwa miaka mingi, na mara kadhaa nimeketi upande wa meza wa wale wanaokagua. Mwongozo huu ni wa afisa mpya wa ukaguzi, afisa wa majanga wa kaunti, na mwanakamati wa wadi anayeitwa kutoa maoni huku amepewa kitabu cha kurasa mia tatu wiki moja kabla ya kikao. Kitabu cha taratibu kina mengi, lakini mimi hukisoma chote nikitafuta jibu la swali moja: tangu dalili ya kwanza ya uvujaji hadi vali ya mwisho kufungwa, zinapita dakika ngapi, na nani anaziwajibikia?

Hatua ya kwanza: jua nani ana mamlaka gani

Hapa usikae sana. Leseni ya kusafirisha mafuta kwa bomba inatolewa na kusimamiwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli ya Kenya, chini ya Sheria ya Petroli ya 2019. Wafanyakazi na mahali pao pa kazi wanalindwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayodai mahali pa kazi pakaguliwe kikamilifu angalau mara moja kila miezi 12. Mito, visima na udongo viko chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa sheria ya mazingira ya 1999. Kuna pengo moja la kuangalia: kila mkaguzi akidhani jambo fulani ni la mwenzake, hakuna anayelikagua. Vali iliyo ndani ya shamba la mtu, karibu na mto, ni ya wote watatu. Kabla ya kuanza, andika barua fupi kwa ofisi zote tatu ukieleza unachokwenda kukagua.

Hatua ya pili: omba nyaraka, na uombe zile zilizo sahihi

Kitabu cha taratibu peke yake hakitoshi, maana kinaeleza mambo yanavyotakiwa kuwa. Omba pia mpango wa dharura, ramani inayoonyesha vali zote na umbali kati yake, ripoti za mazoezi ya dharura, daftari la matukio likiwemo la kengele za uongo, ripoti ya karibuni ya kupima unene wa chuma kutoka ndani, na orodha ya mabadiliko yote ya mitambo tangu kitabu kilipopitishwa. Hiyo orodha ya mabadiliko ndiyo huchelewa kuletwa. Usianze bila hiyo.

Kama wewe ni mkazi na si afisa, Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Ombi likihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu linatakiwa ndani ya saa 48. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, peleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Unaweza kuambiwa kwamba baadhi ya kurasa ni siri kwa sababu za kiusalama, na zipo ambazo kweli ni siri, kwa kuwa kuna watu wanaotoboa mabomba kuiba mafuta. Lakini mpango wa kuwaokoa watu wa kijiji chako hauwezi kuwa siri kwa watu wa kijiji chako. Omba sehemu hiyo kwa jina la kijiji.

Hatua ya tatu: soma kitabu ukiwa na kalamu, utafute mtendaji

Lugha yetu ina kijisilabi, "-wa" ya mwisho wa kitenzi, kinachoweza kumficha mtu mzima. "Vali itafungwa." "Wakazi watajulishwa." "Presha itapunguzwa." Nani atafunga? Nani atajulisha? Piga mstari chini ya kila kitenzi cha namna hiyo, kisha andika pembeni: nani, kwa ruhusa ya nani, ndani ya muda gani. Kitabu kikiwa cha Kiingereza ugonjwa ni uleule. Fanya hivyo pia kwa maneno kama "haraka iwezekanavyo" na "inapobidi". Kwa mtu aliye zamu saa tisa usiku, "inapobidi" ni mzigo mzito aliotupiwa, kwani asubuhi ataulizwa kwa nini aliona inabidi, au kwa nini hakuona.

Jina la cheo linatosha, si lazima liwe jina la mtu. Lakini kila cheo kiwe na mbadala wake, na mbadala asiwe ni mtu yuleyule mwenye kofia nyingine. Nimewahi kukuta mpango ambao msimamizi wa zamu, kiongozi wa kikosi cha zimamoto na msemaji kwa wakazi ni kiti kimoja.

Hatua ya nne: piga hesabu za mlima

Hapa ndipo bomba letu linapotofautiana na lililochorwa katika vitabu vya nchi tambarare. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ilhali njia ya bomba huku juu, upande wa Mau, inapita mita 2,200. Tofauti ni zaidi ya mita 1,000. Nguzo ya petroli yenye kimo cha mita 1,000 inasukuma chini kwa takriban baa 70 (baa ni kipimo cha presha), na hapo pampu zote zimezimwa. Tairi la gari dogo hujazwa kama baa mbili na kidogo. Basi bomba lililojaa na kufungwa upande wa chini linaweza kubeba presha zaidi ya mara thelathini ya tairi bila injini hata moja kunguruma.

Kwa hiyo ukikuta taratibu inayosema "zima pampu, na presha itashuka", uliza: itashuka wapi? Kule juu, ndiyo. Kule chini, mafuta yataendelea kuteremka kwa uzito wake na kutoka kwenye tundu mpaka vali iliyo juu ya tundu ifungwe. Taratibu ya upande wa Kisumu isipotofautiana na ya upande wa Nakuru, mwandishi wake hakuangalia ramani.

Hesabu ya pili ni ya ujazo. Bomba la inchi 10 hubeba takriban lita 50 kwa kila mita, yaani lita 50,000 kwa kilomita. Vali mbili zikiwa zimeachana kilomita 15, kati yake kuna kama lita 750,000, mzigo wa malori zaidi ya ishirini. Hicho ndicho kinachoweza kumwagika hata baada ya kila mtu kufanya kazi yake vizuri. Chukua ramani, piga hesabu hiyo kwa kila jozi ya vali, kisha uangalie kilichopo chini ya mteremko: mto, shule, soko.

Hesabu ya tatu ni ya uvujaji mdogo. Mitambo ya kompyuta hulinganisha mafuta yaliyoingia na yaliyotoka. Tuseme bomba linasukuma lita 300,000 kwa saa na mfumo unaweza kugundua upungufu wa asilimia moja kwenda juu. Chini ya kiwango hicho, karibu lita 3,000 kwa saa zinaweza kupotea, lita 72,000 kwa siku, na kioo cha kompyuta kisionyeshe kitu. Muulize mwendeshaji kiwango chake ni kipi, kisha uulize ni nani anayegundua yaliyo chini ya kiwango hicho. Jibu la kweli karibu kila mara ni watu: askari wa doria, mchungaji, mama aliyekwenda kuteka maji. Mwaka 2015 kule Thange, Makueni, ambako mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa–Nairobi, uchafu ulionekana katika mto na visima. Kama watu ndio chombo cha kugundulia, basi wapewe nafasi ndani ya kitabu, kwa ukurasa wao na nambari yao.

Hatua ya tano: keti katika chumba cha kudhibiti mitambo

Keti huko zamu nzima, na uichague ya usiku. Kabla ya kwenda, ujue yaliyotokea Marshall, jimbo la Michigan, Marekani, tarehe 25 Julai 2010. Bomba la kampuni ya Enbridge lilipasuka jioni. Kengele zikalia katika chumba cha udhibiti kilichokuwa Edmonton, Kanada. Waliokuwa zamu wakadhani ni mafuta yaliyokatika ndani ya bomba, yaani sehemu ya juu ya mlima imebaki na mvuke badala ya mafuta, hali ambayo hutokea kweli na huondoka ukisukuma zaidi. Wakasukuma, mara mbili. Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilikuta kwamba asilimia 81 ya mafuta yaliyomwagika yalitoka katika hizo mara mbili. Zilipita saa zaidi ya 17 kabla ya kampuni kujua, na aliyewajulisha alikuwa mfanyakazi wa kampuni nyingine ya gesi aliyepiga simu. Zaidi ya lita milioni 3 zilikuwa zimemwagika.

Na kitabu kilikuwepo! Kampuni ilikuwa na kanuni ya dakika kumi: hali isiyoeleweka ikizidi dakika kumi, simamisha bomba. NTSB haikuishia kwa kampuni. Ilimlaumu pia mdhibiti wa serikali kwa kuupitisha mpango wa dharura uliokuwa dhaifu. Jambo hilo hulikumbuka kila ninapotakiwa kutia sahihi.

Sasa fikiria mteremko wetu. Kukatika kwa mafuta juu ya mlima ni jambo la kawaida kwenye njia kama ya Sinendet–Kisumu, kwa hiyo kishawishi cha kusema "ni mlima tu" kipo kila siku. Ukiwa chumbani, muulize aliye zamu, kwa upole, bila bosi wake kusimama nyuma yake: Ukiona presha imeshuka upande wa chini na hujui sababu, unasubiri dakika ngapi? Unaweza kusimamisha bomba bila kumpigia mtu? Umewahi kulisimamisha? Ilipobainika hakukuwa na uvujaji, ulifanywa nini? Swali la mwisho ndilo kubwa. Aliyesimamisha kwa nia njema akaandikiwa barua ya kujieleza hatasimamisha tena, na wenzake wamejifunza. Tafuta tukio hilo katika daftari, usome lilivyofungwa.

Angalia pia makabidhiano ya zamu. Je, anayeondoka na anayeingia huketi pamoja na kupitia kengele zilizolia, au daftari huachwa mezani na mtu akakimbilia matatu?

Hatua ya sita: nenda kwenye vali, uende na saa

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua bomba la kampuni moja binafsi, fupi kuliko haya ninayoyazungumzia, katika kaunti mojawapo ya magharibi. Kitabu chao kilikuwa kizuri, kimepangwa, kina picha. Kilisema vali ya kati itafungwa ndani ya dakika 30. Niliomba jaribio la usiku, na saa nne kamili nikapiga simu ya dharura kama mkazi aliyenusa petroli.

Simu ilipokelewa baada ya dakika nne. Gari lilifika kwenye uzio wa vali saa nne na dakika 47, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya shambani ilikuwa ya utelezi. Lango lilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa na fundi ambaye hakuwa zamu, ukaletwa kwa bodaboda saa tano na dakika 28. Kisha kijana wa zamu akalishika gurudumu kwa mikono miwili na halikusogea. Lilikuwa limefunikwa kwa rangi mpya ya manjano, inang'aa kwenye tochi, lakini chini ya rangi uzi wa chuma ulikuwa umeshikana kwa kutu. Mlinzi, mzee wa hapo hapo kijijini, aliniambia taratibu, "Mama, mimi niko hapa mwaka wa sita. Nimeona likipakwa rangi. Kuzungushwa sijaona." Vijana wawili walisaidiana kwa kipande cha bomba kama wenzo, na vali ikafunga saa tano na dakika 44. Dakika 104.

Kwa hiyo pima kila kipande cha muda peke yake: simu, safari, lango, gurudumu. Ukipima jumla tu hutajua pa kurekebisha. Vali zinazofungwa kutoka mbali nazo zipimwe: agiza ifungwe ukiwa umesimama kando yake, kwani kioo kinaweza kuandika "imefungwa" kwa kuwa amri ilitumwa. Uliza ikikatika stima inafungwa vipi.

Hatua ya saba: tembea ukanda wa bomba

Huwezi kutembea kilomita 120 za Sinendet hadi Kisumu, kwa hiyo chagua pabaya. Kwanza, vivuko vya mito. Mvua kubwa hula kingo na kuacha bomba uchi, na watu wa Kano wanajua mto Nyando ukifurika unavyofanya. Omba picha za kivuko za kabla na baada ya masika. Pili, mahali panapochimbwa: barabara, mabomba ya maji, nguzo za stima. Kule Bellingham, jimbo la Washington, bomba la petroli lililopasuka tarehe 10 Juni 1999 na kuua vijana watatu lilikuwa limekwaruzwa na tingatinga miaka mitano kabla. Jeraha la chuma husubiri. Muulize mwenye tingatinga kama aliwahi kuonyeshwa ramani. Tatu, upande wa Nakuru, ardhi yenye mipasuko: uliza kama kitabu kinataja kukagua bomba baada ya tetemeko au mpasuko mpya. Nne, mashamba ya miwa. Miwa huchomwa kabla ya kuvunwa. Je, kuna makubaliano na wakulima ya kujulishana kabla ya moto kuwashwa karibu na ukanda?

Hatua ya nane: jaribu kila nambari, kisha nenda barazani

Keti na simu, piga nambari zote za mpango wa dharura, moja baada ya nyingine. Andika: imepokelewa, haipatikani, mtu amestaafu. Kazi hii huchukua asubuhi moja, na kwa maoni yangu haina mbadala.

Kisha omba nafasi katika baraza la chifu. Usianze kwa kueleza. Uliza: mkinusa petroli usiku huu mtafanya nini? Sachangwan, si mbali na Molo, zaidi ya watu mia moja waliungua tarehe 31 Januari 2009 wakichota mafuta kwenye lori lililopinduka. Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja ilifuata mtaro hadi kwenye makazi ya watu, na hapo pia waliofariki walipita mia moja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hukaa mitaroni na mabondeni, na huweza kushika moto mbali na pale mafuta yalipo. Kitabu kionyeshe kwamba wakazi wamefundishwa hivi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, iwe Kikalenjin, Kijaluo au Kikuyu: usichote, usiwashe jiko wala pikipiki, usipige simu ukiwa ndani ya harufu, ondoka kuelekea upepo unakotoka na upande mlimani, ukiwa mbali ndipo upige. Karatasi za sahihi za waliohudhuria mafunzo hazithibitishi chochote. Majibu ya akina mama na vijana wa bodaboda barazani ndiyo ushahidi.

Hatua ya tisa: andika matokeo yanayoweza kufungwa

Ripoti nyingi huandika "taratibu za vali ziboreshwe". Mwendeshaji atajibu "zimeboreshwa", na hapo umekwama. Mimi ningeandika hivi kuhusu ile vali: "Kitabu kinaahidi dakika 30. Jaribio la usiku lilichukua dakika 104, na 41 kati ya hizo zilikuwa za kusubiri ufunguo. Gurudumu lilikuwa limeshika kutu chini ya rangi mpya. Inatakiwa: ufunguo wa pili ndani ya kila gari la doria, ndani ya siku saba, vali izungushwe na kupakwa grisi kila robo mwaka, na tarehe iandikwe, jaribio lirudiwe usiku, ndani ya siku 60, mkaguzi akiwepo. Mhusika: meneja wa matengenezo." Kila dai lina mtu, tarehe na namna ya kulithibitisha.

Tenganisha yanayohitaji bomba kusimama leo na yanayoweza kungoja. Usiyachanganye katika orodha moja ndefu, maana jambo la kufisha litajificha kati ya vibao vilivyofifia. Na mwendeshaji akikuambia amebadilisha kitabu, omba ukurasa wa zamani na mpya uzilinganishe. Nimeona dakika 30 zikifutwa na kuandikwa "haraka iwezekanavyo".

Siku ya kurudi, usipige simu kabla. Kwa ile kampuni nilirudi mwezi wa pili, saa nane usiku, mvua ikinyesha. Mzee alikuwa bado mlinzi. Gari lilikuja na ufunguo wake, gurudumu likazunguka kwa mkono mmoja, grisi ikimetameta kwenye uzi. Dakika 38. Niliandika kwamba dai la ufunguo na la grisi yamefungwa, na la muda bado liko wazi.